Uzito wa Hema Likilowa

Kila siku akitoka shule, Umeme alivua sare, akala alichowekewa, kisha akaingia chumba cha mbele kumsaidia mama yake. Chumba hicho ndicho kilichokuwa karakana ya mahema. Mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na marobota ya turubai yaliyopangwa hadi karibu na dari. Harufu ya nta na mafuta ya cherehani ilikuwa imeingia hata kwenye mapazia ya chumba cha kulala. Mama alishona maturubai ya malori, vivuli vya vibanda vya sokoni na mahema ya sherehe. Watu walimwita Fundi Mahema, na wengine walikuwa wamesahau kwamba ana jina lingine.

Umeme nalo halikuwa jina la kwenye cheti. Alipewa na bibi yake kwa sababu mtoto huyo hakuwa na breki. Akitumwa dukani alirudi kabla aliyemtuma hajakaa vizuri, na mara nyingine alirudi bila alichotumwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alipenda mpira wa pete kuliko chakula, na mikono yake ilikuwa myepesi kwa kazi yoyote inayokwisha upesi. Kazi za kungoja ndizo zilizomshinda.

Moja ya kazi zake ilikuwa kupima. Kwenye boriti ya karakana ilining'inia mizani ya ndoano. Kila turubai lililokamilika lilikunjwa, likafungwa kamba na kutundikwa hapo, kisha Umeme akasoma mshale na kumtajia mama uzito. Wenye malori walipenda kuujua. Mama hakuwa na mazoea ya kupima tena baada yake, kwani kwa mambo ya mizani neno la Umeme lilimtosha.

Wiki hiyo mteja alikuwa mjomba.

Mjomba alikuwa kaka yake mama, fundi baiskeli mwenye kibanda chake ng'ambo ya barabara. Mwaka mzima alishinda na spana na mafuta meusi viganjani, lakini ukifika msimu wa uwindaji aliomba kibali, akafunga mzigo, akapanda milimani na wenzake wawili kuwinda swala. Huko juu gari halifiki, na nyumba hakuna hata moja. Chochote utakachokihitaji unakibeba mgongoni, na mvua inanyesha itakavyo. Kwa hiyo mjomba aliuogopa uzito kama wengine wanavyoogopa nyoka. Alikuwa ameukata mswaki wake katikati na kutoboa matundu kwenye mpini wa kijiko kwa keekee ya pale kibandani. Bibi alisema iko siku atajikata sikio moja ili apunguze mzigo.

Msimu uliopita, hata hivyo, haukuwa wa kuchekesha. Mjomba alirudi amebebwa. Mvua ilimnyeshea akiwa amelala chini ya mwamba, akapata homa ya mapafu, na bibi akamuuguza kwa wiki nyingi. Alipoulizwa lilipo hema aliloshonewa na dada yake, alisema aliliacha njiani kwa sababu lilimwelemea. Mama aliumia sana. Lile hema la pamba alilipima kwa mkono wake kabla halijatoka, na lilikuwa jepesi. "Sema ulikuwa mvivu," alimwambia kaka yake. "Usilisingizie hema." Tangu siku hiyo, hema lilipotajwa, ndugu hao wawili walizungumza kwa kukwepana macho.

Mwaka huu bibi aliweka sharti. "Kibali unacho, sikukatazi," alimwambia mwanawe mbele ya wote. "Lakini hupandi mlima mpaka lipatikane hema unaloweza kulibeba kwenda na kurudi. Mimi sina nguvu za kukuuguza tena."

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi mahema mawili yalikuwa juu ya meza ndefu, na familia nzima imeyazunguka. La kwanza lilikuwa la pamba nyembamba iliyopakwa dawa mpya ya kuzuia maji. Muuza vitambaa aliisifu dawa hiyo mpaka mate yakamkauka. Hema lenyewe lilikuwa na sakafu na mlango wa vifungo, na ukiingia ndani ulijiona uko chumbani. Mlango huo Umeme aliushona peke yake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa, mshono umenyooka toka juu hadi chini. La pili lilikuwa la nailoni, jembamba hata ukiweka mkono nyuma yake unauona. Halikuwa na sakafu wala mlango. Lilisimamishwa kwa fimbo moja katikati na vigingi pembeni, na ukiligusa tu lilipiga kelele.

"Hili ni mfuko wa takataka," alisema Umeme.

"Mfuko wa takataka hauvuji," mama alimjibu.

Mjomba aliyatundika kwenye mizani, moja baada ya jingine. La pamba lilikuwa kilo mbili, la nailoni kilo moja na nusu. Alikuna kidevu, akayatazama yote mawili kama mtu anayechagua tairi.

"Nusu kilo naivumilia kwa ajili ya sakafu na mlango," alisema. "Kule upepo hauji kwa juu peke yake, unakuja na ubavuni. Hili la nailoni litaniacha miguu nje. Lakini nalo lina uzuri wake. Fimbo ya kutembelea ninayo tayari, basi ndiyo nguzo. Hata vidole vikifa ganzi nalisimamisha."

"Mimi nachagua lenye mlango," alisema Umeme.

"Tulijua," alisema bibi, na wote wakacheka isipokuwa mama, ambaye bado alikuwa anautazama mshale wa mizani.

"Mwaka jana nilipima hema likiwa kavu," alisema taratibu. "Safari hii nataka kujua yakilowa yana uzito gani. Huko hakuna jua la kuyakausha. Asubuhi unalikunja limelowa, na unalibeba limelowa."

Mjomba alimtazama dada yake kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Likilowa likazidi kilo tatu, hilo siliwezi," alisema. "Najijua."

Kazi ya kulowesha na kupima akapewa Umeme, maana mama alikuwa na lori la kufunika mjini na mjomba alikuwa na wateja wake. Mama alimweleza akiwa ameshafika mlangoni. "Yaloweshe yote mawili kwenye beseni kubwa mpaka yatulie chini. Yatundike kwenye kamba, uyaache yachuruzike mpaka yasidondoshe tena. Ndipo uyapime. Usiniletee makisio."

Umeme alianza na la nailoni, ili amalizane nalo. Alilizamisha, akaliibua, akalitundika. Maji yaliteremka mbio, naye akalikung'uta mara chache, na kabla hajachoka kusubiri lilikuwa limeacha kudondosha. Mshale ulisimama kwenye kilo moja na robo tatu. Kumbe lilikunywa robo kilo tu ya maji. Alikuwa anaanza kulifungua lile la pamba wakati kichwa cha rafiki yake, nahodha wa timu ya darasa, kilipojitokeza dirishani.

"Wewe bado uko hapa?" aliuliza Nahodha. "Mwalimu anachagua timu leo. Asiyekuwepo hayumo."

"Nina kazi ya mama."

"Basi pole," alisema Nahodha, na kichwa kikaondoka.

Umeme alilitazama hema la pamba. Kulilowesha ni dakika moja, lakini kungoja lichuruzike ingekuwa hadi jioni. Kitambaa ni kitambaa, alijiambia. Kama lile limekunywa robo, na hili litakunywa robo. Tena hili limepakwa dawa. Na moyoni mlikuwa na sababu nyingine ambayo hakutaka kuitazama usoni, nayo ni kwamba alitaka sana mjomba alale nyuma ya mlango alioushona yeye. Alilikunja lile hema likiwa kavu vilevile, akalirudisha mezani, akachomoka.

Alichaguliwa kwenye timu, tena nafasi ya mfungaji. Alirudi nyumbani jasho linamtiririka na furaha imemjaa hadi kooni, akamkuta mama amekaa na mjomba sebuleni wanamsubiri.

"Haya, tuambie," alisema mama. "La nailoni?"

"Kilo moja na robo tatu."

"La pamba?"

"Kilo mbili na robo," alisema Umeme. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, jambo ambalo lilimshangaza mwenyewe.

"Uliliacha likachuruzika vizuri?"

"Ndiyo, mama. Ile dawa ni nzuri. Maji yanateleza tu, lilikauka upesi."

Mama alitikisa kichwa akitabasamu. "Leo nimeamini. Muuza vitambaa amesema kweli mara moja katika maisha yake." Mjomba alipiga paja. Mambo yakaisha hapo, na hema la pamba likachaguliwa. Bibi alipelekewa habari jikoni, akasema sawa, sharti limetimia.

Siku mbili za mwanzo Umeme hakusumbuka sana. Alikuwa na mazoezi, na kila uongo wake ulipomjia akilini aliupiga chenga kama mpinzani uwanjani. Lakini mjomba alianza kufunga mzigo. Kila jioni alikuja karakana kulitazama hema lake, akalifungua na kulifunga, akausifu mlango. "Mshono gani huu," alisema. "Hata mimi fundi nanyamaza." Umeme alipokea sifa hizo huku anatazama sakafu.

Alasiri ya siku ya mwisho kabla ya safari, mama alimtuma ampelekee mjomba kamba za hema alizozikata. Umeme alimkuta mjomba ameinama juu ya gurudumu, anakaza spoki moja moja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Weka hapo kwenye benchi, halafu ukae kidogo." Aliendelea kulizungusha gurudumu, jicho moja amelifumba. "Nataka kukwambia kitu ambacho sijamwambia bibi yako. Huu ni msimu wangu wa mwisho."

"Kwa nini?"

"Miguu imekwisha." Alisema kama anazungumzia kitu cha dukani, lakini alikuwa ameacha kuzungusha gurudumu. "Mwaka jana mama yako alipima lile hema, lilikuwa kilo mbili na kidogo. Siku ya kwanza nililibeba bila shida. Ikanyesha. Siku ya pili nikahisi nimebeba mtu mgongoni. Niliwaambia wenzangu, wakacheka. Nikatembea, nikakaa, nikatembea, mwisho nikaliacha. Nimewaza mwaka mzima, nikaona jibu ni moja. Hema ni lile lile, aliyepungua ni mimi."

"Labda ilikuwa ile mvua, mjomba."

"Mvua ingeongeza robo kilo, kama ulivyopima wewe. Robo kilo haimwangushi mwanamume." Alimshika begani kwa mkono uliojaa mafuta. "Na wewe ndiye uliyenisaidia. Safari hii hata nikihisi linanielemea, sitalitupa. Nitajua ni uzee unanidanganya. Nitauma meno nitembee, maana mpwa wangu amelilowesha na kulipima. Nimeshaapa."

Umeme aliaga haraka, akavuka barabara bila kutazama vizuri hadi mwendesha pikipiki akampigia honi. Kwa mara ya kwanza alielewa alichokifanya. Mjomba wake alikuwa anakwenda kujilazimisha kubeba mzigo ambao hakuna mtu aliyejua uzito wake, na alikuwa ameshaanza kuiaga milima kwa sababu ya namba ambayo Umeme aliitoa kichwani. Bado alikuwa na tumaini moja, kwamba huenda alikisia sawasawa. Angelipima sasa, akute kilo mbili na robo, na mambo yote yanyooke.

Karakana ilikuwa tupu, mama alikuwa amekwenda kwa muuza vifungo. Umeme alijaza beseni, akalizamisha hema la pamba. Mwanzoni maji yaliteleza juu yake kama alivyosema, naye akashusha pumzi. Kisha alipolikandamiza, mapovu yakaanza kutoka kwenye mishono, rangi ya kitambaa ikabadilika kipande kwa kipande, na hema lote likatulia chini, mlango wake ukiwa juu. Alipolivuta halikuja. Ilibidi aweke mguu mmoja kwenye ukingo wa beseni na kulikumbatia. Nguo zake zililowa chapachapa.

Alingoja. Alikaa juu ya robota, akayatazama maji yakidondoka, na safari hii hakusogea mpaka tone la mwisho. Kisha alilikunja na kulitundika kwenye ndoano. Mshale ulipita mbili, ukapita tatu, ukapita nne, ukasimama kati ya nne na tano. Aliugusa kwa kidole akidhani umekwama. Haukuwa umekwama.

Akili yake iliyozoea kukimbia ilikimbia. Angeweza kulikamua na kulipiga pasi. Angeweza kusema beseni lilimwagika, hema likalowa kwa bahati mbaya. Uongo mwingine ulikuwa umeshakaa tayari kwenye ulimi, na ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza. Wakati huo mlango ulifunguliwa. Mama na mjomba waliingia pamoja, mjomba akiwa amefuata hema lake ili alifunge kwenye mzigo.

Wote wawili walilitazama hema linaloning'inia, kisha sakafu iliyojaa maji, kisha Umeme.

"Sikulipima," alisema Umeme. "Ile Jumamosi nililowesha la nailoni peke yake. Hili nilikisia. Nilitaka kwenda kwenye mpira, na nilitaka lichaguliwe kwa sababu ya mlango wangu. Hata ile habari ya maji kuteleza niliitunga." Maneno yalitoka yote kwa mkupuo, na baada ya hapo machozi.

Mama aliketi kwenye kiti cha cherehani. "Alikuwa anaondoka kesho," alisema, sauti chini. "Kesho asubuhi."

Mjomba hakumtazama yeyote. Alikwenda hadi kwenye mizani, akausoma mshale kwa karibu, akausoma tena. Akalishusha hema kwa mikono miwili, akalipakata, akalipandisha begani, akasimama nalo hivyo huku maji yanamteremka mgongoni. Halafu akaanza kucheka. Kicheko kilianza kidogo, kikakua, na mwishoni hakikuwa kicheko tena. Alijifuta macho kwa nyuma ya kiganja, akajiachia doa jeusi la mafuta shavuni.

"Kumbe si miguu," alisema.

"Nini?" mama aliuliza.

"Mwaka jana. Nilihisi nimebeba mtu, na kweli ulikuwa mzigo wa mtu. Si miguu yangu. Ni hili." Alilitua sakafuni, likatoa mlio mzito.

Mama alilitazama hema, akamtazama kaka yake, na uso wake ukabadilika. "Nilikuita mvivu," alisema. "Mwaka mzima nimekuwa nakuita mvivu."

"Ulikuwa na kipimo."

"Nilikuwa na kipimo cha hema kavu. Nisamehe, kaka."

"Yamekwisha," alisema mjomba, na kwa mara ya kwanza tangu homa ile walitazamana bila kukwepana. Bibi aliyesikia kelele alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akauliza nani amekufa. "Hema," mjomba alimjibu.

Baada ya kuelezwa yote, bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. "Kumbe wewe ndiye ungenirudishia mgonjwa," alisema. Hakupandisha sauti. Neno hilo lilimwingia Umeme kuliko fimbo.

"Usifikiri sina hasira," mama alimwambia Umeme akisimama. "Ninayo, na utaiona ukisugua sakafu hii na ya jikoni mpaka mwisho wa wiki. Na mazoezi ya mpira wiki hii huendi. Mwalimu wako utamweleza mwenyewe sababu. Sasa futa machozi, tuna hema la kumaliza."

Mjomba aliwapigia simu wenzake, wakakubali kumsubiri siku moja. Jioni hiyo na kesho yake baada ya shule, mama na Umeme walilifanyia kazi lile la nailoni. Kwa kuwa upepo wa kule unakuja na ubavuni, walishona pindo pana kuzunguka chini, la kulazwa ardhini na kukandamizwa kwa mawe. Badala ya sakafu walikata kipande chembamba cha kutandika, kiasi cha kulalia mtu mmoja na si zaidi. Mlango wakauweka wa kuvuta upande mmoja juu ya mwingine, bila kifungo hata kimoja. Umeme aliomba aushone yeye. Mama alimkubalia.

Alasiri hiyo walilisimamisha uani kwa fimbo ya mjomba. Umeme aliingia ndani, mlango ukafungwa, na bibi akasimama juu ya kigoda na ndoo ya kumwagilia mboga, akaanza kunyesha. Alinyesha kwa moyo wote, juu na ubavuni, kama mtu aliyeisubiri nafasi hiyo kwa miaka. Mjomba alimjazia ndoo kila ilipokwisha.

"Panavuja?" mama aliuliza kutoka nje.

Umeme alipapasa mishono yote. Ilikuwa mikavu. Lakini alipoinua uso aliona matone madogo yametanda juu ya kichwa chake, na moja likamdondokea puani. Hayakuwa maji ya bibi. Ilikuwa pumzi yake mwenyewe, imepanda ikagandia kwenye nailoni. Nje wote walikuwa wamechoka, mjomba alikuwa ameshaanza kusema tukunje, na jua lilikuwa linashuka. Neno moja tu, "hapana", lingetosha kuwapeleka wote mezani. Tena lisingekuwa uongo, kwa kuwa kweli hapakuwa panavuja.

"Hapavuji, ila kuna matone ndani," alisema kwa sauti. "Ni ya pumzi. Akilala humu ataamka blanketi limelowa."

Akamsikia mama akishusha pumzi ndefu. "Toka," alisema mama. "Tunaliteremsha."

Walitoboa tundu la hewa karibu na kilele, wakalishonea kofia ndogo juu yake ili mvua isiingie. Mama alikanyaga cherehani, Umeme akakishika kitambaa kisiteleze. Katikati ya mshono mama alizungumza bila kuinua kichwa.

"Mimi nilikosea kupima mwaka jana, na mjomba wako alikosea kuamini kwamba amezeeka. Makosa ya namna hiyo yanasahihishika, kwa sababu kila mtu alisema alichokiona. Lako lilikuwa kubwa zaidi. Ulisema umeona kitu ambacho hukukiona, na sisi sote tukajenga juu yake." Aligeuza kitambaa. "Mtu akikuuliza uzito, anataka kujua kama aweke mgongo wake pale. Kama hujapima, mwambie hujapima. Hakuna atakayekucheka. Na akikucheka, bora acheke yeye kuliko alie bibi yako."

"Ndiyo, mama."

"Leo ulipokuwa ndani ya hema ungeweza kunyamaza."

"Nilitaka kunyamaza," Umeme alikiri.

"Najua. Niliusikia ule ukimya," alisema mama. "Ndiyo maana nimekupa kitambaa ushike."

Walilijaribu tena, bibi akanyesha tena, na ndani pakabaki pakavu. Likatundikwa likiwa limelowa pamoja na pindo lake, kofia yake na kile kitandiko. Kila mtu alitaka kusoma mshale, lakini waliuacha usomwe na Umeme. Haukufika hata kilo mbili.

Mjomba aliondoka alfajiri. Siku zilizofuata mawingu yalikaa juu ya milima, na bibi alikuwa akitoka uani kila mara akijidai anaanika kitu. Umeme alisugua sakafu, akapima maturubai, akalala vibaya. Alikuwa ameeleza yote kwa mwalimu wa mpira, na mwalimu alimwambia nafasi yake itamsubiri wiki moja, si zaidi.

Mjomba alirudi mchana wa Jumapili, na mzigo mgongoni, akitembea mbele ya wenzake wawili ambao walikuwa wanalalamika kwamba amewakimbiza njia nzima. Walipata swala mmoja, nyama waligawana, na mvua ilikuwa imewanyeshea karibu kila siku. Bibi hakutaka kusikia habari za swala. "Kohoa nisikie," aliamuru. Mjomba alikohoa mara mbili kwa adabu. Bibi alisikiliza kifua kwa makini, akaridhika, akaenda kuongeza maji kwenye sufuria.

"Nimelala humo kama mfalme," mjomba alisema, akilitoa hema kwenye mzigo. "Asubuhi nalikung'uta, nalikunja, safari inaendelea. Kibali cha mwakani naomba wiki ijayo."

Mmoja wa wenzake, mwanamume mrefu mwenye ndevu, alilishika hema na kulipimapima mkononi. "Na mimi nataka moja," alisema. "Ila langu liwe la watu wawili, na refu kuliko hili. Wanasema wewe ndiye mtu wa mizani, binti. Langu likilowa litakuwa kilo ngapi?"

Umeme alilitazama hema, akawaza urefu na upana. Namba ilikuwa tayari, ilimjia yenyewe, na pengine ilikuwa sahihi.

"Sijui," alisema. "Halijashonwa bado. Likishonwa nitalilowesha, ndipo nitakwambia."

Yule mwanamume alicheka kidogo, akamgeukia mama aliyekuwa mezani anatia uzi kwenye sindano. "Basi wewe Fundi, nikadirie tu. Kilo ngapi?"

Mama aliupitisha uzi, akaukata kwa meno.

"Umeshajibiwa," alisema.